Mzee kamaliza dawa za TB mara mbili na bado anahema: je, HRCT ya mapafu (CT skani ya vipande vyembamba) ina maana yoyote?

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 54, ujana wake wote kauishia kwenye migodi ya Mererani, kaacha miaka miwili iliyopita sababu ya pumzi. Anakohoa kikohozi kikavu, akipanda kilima kidogo tu anasimama. Dawa za TB kamaliza mara mbili, mara ya kwanza makohozi yalionyesha wadudu kweli, mara ya pili walimuanzishia kwa kuangalia picha tu. Sasa GeneXpert, kile kipimo cha mashine cha kutafuta TB kwenye makohozi, inasoma hakuna kitu, eksirei wanasema ina madoadoa pande zote mbili. Mwaka jana alifanya CT skani ya kifua, ripoti ikasema makovu ya TB ya zamani. Daktari mpya anataka HRCT. Ndugu wanasema ni kitu kilekile wanatafuta hela, wengine wanasema mionzi italeta kansa na ile sindano itamuua figo maana ana sukari na anatumia metformini. Jirani yetu alipewa predinisoloni akapata nafuu, kwa nini na yeye asipewe tu? Hela ya skani itabidi tuuze ng'ombe. Tuuze?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo lakini naona linalokukosesha usingizi ni moja, kwamba mnaweza kuuza ng'ombe, mkapiga picha, mkarudi nyumbani na karatasi ileile inayosema makovu ya TB. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, na kwa kweli inatokea, tena sana. Ila mara nyingi mashine haina kosa, tatizo huwa ni jinsi picha ilivyopigwa na mzee alivyoelezwa kwenye fomu. Nitakuambia namna ya kufanya lisiwakute.

Kwanza tuwaondolee lawama waliomtibu. Mtu aliyetoka Mererani, anakohoa, alishawahi kuwa na TB ya uhakika, alafu eksirei ina madoa juu kwenye mapafu yote mawili, daktari yeyote wa Tanzania atawaza TB kwanza na ndivyo inavyotakiwa. Shida ni kwamba vumbi la mawe nalo linapenda kukaa hukohuko juu. Lile vumbi laini usiloliona kwa macho, lenye silika (madini yaliyomo kwenye mawe), likifika kwenye vifuko vya hewa linamezwa na seli za ulinzi, zile seli haziwezi kulisaga, zinakufa, zinamwaga sumu zake pale, nyingine zinakuja zinameza tena vumbi lilelile, na mzunguko huo unaacha kinundu kidogo cha kovu. Zidisha hivyo kwa maelfu, huo ndo ugonjwa unaoitwa silikosisi. Na kwa kuwa seli zinazokufa ndo hizohizo zinazopaswa kupambana na wadudu wa TB, mwanaapolo, yani mchimbaji, anapata TB kirahisi kuliko mtu wa kawaida. Kwa hiyo swali la baba yako sio "TB au vumbi", anaweza kuwa navyo vyote viwili, au alikuwa na TB ikapona na sasa kinachomsumbua ni vumbi, au ni kitu cha tatu kabisa ambacho hakuna aliyekiwazia.

Eksirei hapo inaishiwa nguvu. Yenyewe inalaza kila kitu juu ya kingine, mbavu, moyo, mishipa, mapafu ya mbele na ya nyuma, vyote kwenye kivuli kimoja. Na kwenye magonjwa haya yanayosambaa pafu zima, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi anaweza kuwa na eksirei inayoonekana safi wakati pafu limeshaumia. Kwa baba yako imeonyesha madoa, sawa, ila haiwezi kusema madoa yamekaa wapi hasa ndani ya pafu, na hilo ndo swali lenyewe.

Sasa ndugu wanaosema HRCT na CT skani ni kitu kilekile, nusu wako sahihi. Mashine ni hiyohiyo, kitanda hichohicho, tundu hilohilo. Tofauti ni unene wa vipande. CT ya kifua ya kawaida mara nyingi inasomwa kwa vipande vya milimita 5 hivi au zaidi, na kila nukta unayoiona kwenye picha ni wastani wa kila kilichomo kwenye unene ule. Kinundu cha milimita 2 kikiwa ndani ya kipande kinene kinapotea kama kijiko cha maziwa kwenye ndoo ya maji, unabaki na weupe weupe usioeleweka na msomaji anaandika makovu. HRCT inakata vipande vya milimita 1 hivi, mwisho moja na nusu, alafu kompyuta inaunda picha kwa hesabu inayonoa kingo za vitu badala ya kuzilainisha. Basi. Hakuna dawa ya ajabu wala mashine ya siri. Zamani mashine zilikuwa polepole kwa hiyo zilikata kipande kimoja chembamba, zikaruka sentimita 1, zikakata kingine, siku hizi mashine nyingi zinapita kifua chote bila kuruka ndani ya pumzi moja.

Na hapa kuna kitu kinaweza kukuokolea ng'ombe. Kabla hamjalipa hata shilingi, rudi pale mlipofanya CT ya mwaka jana uulize kama wana picha zake kwenye kompyuta, na kama kuna zile za vipande vyembamba vya milimita 1. Mashine nyingi zinatengeneza vipande vyembamba kwanza alafu zinavijumlisha kuwa vinene kwa ajili ya kuprinti. Wakiwa bado wanavyo, waombe wakuwekee kwenye CD au flashi, mpeleke daktari mpya. Anaweza akasoma hizo na asihitaji nyingine, au akahitaji nyingine lakini sasa ana cha kulinganishia, na kulinganisha picha mbili zilizopishana mwaka ni hazina kubwa kuliko picha moja nzuri. Lile filamu kubwa jeusi mlilopewa, lenye vipicha ishirini na kitu vimebanana, halitoshi, mtu akilishika dirishani hawezi kuona kitu cha milimita 2. Mambo haya yanasomwa kwenye skrini, unasogeza juu na chini, unabadili mwanga. Kwa hiyo na safari hii, msiondoke bila CD.

Tuje kwenye kinachoangaliwa, maana ukielewa hapa utaelewa kwa nini daktari wako anang'ang'ania. Pafu limegawanyika kwenye vijumba vidogo vyenye pande kama tano au sita hivi, kila kimoja sentimita 1 hadi 2 na nusu. Katikati ya kijumba inaingia njia ndogo ya hewa ikiongozana na mshipa wake wa damu, na kwenye kuta za nje zinapita vena pamoja na njia za maji ya limfu. Kila ugonjwa una sehemu yake inayopenda ndani ya kijumba. Kinachoingia kwa kuvutwa na pumzi kinatua katikati. Kinachosafirishwa na limfu kinajipanga kwenye kuta na kwenye ngozi ya pafu. Kinachokuja na damu kinamwagika popote bila mpangilio. Hii ndo sababu ya kuhangaika na vipande vyembamba, kijumba chenyewe hukioni kwenye kipande kinene.

Kwa hiyo mimi nikifungua picha za mtu kama baba yako natafuta hivi. Nikikuta vinundu vidogo vyenye kingo safi, vingi juu na upande wa nyuma, vingine katikati ya vijumba na vingine vimeganda kwenye kuta na kwenye ngozi ya pafu, labda vimeanza kuungana kuwa donge kubwa pande zote mbili, na tezi za katikati ya kifua zina chokaa imezizunguka kama ganda, hapo vumbi linajitaja lenyewe. Nikikuta vinundu vya milimita 1 hadi 3 vimetapakaa sawasawa toka juu mpaka chini bila kuchagua, nawaza TB iliyosambaa kwa damu, na hiyo haisubiri wiki. Nikikuta shimo lenye ukuta mnene, au vinundu vinavyofuata njia za hewa kama matawi yenye vichipukizi, TB hai inarudi mezani hata kama GeneXpert ilisoma hakuna, na tunadai makohozi yaoteshwe maabara. Vinundu vimejipanga kama shanga kwenye mipaka ya pafu, kwa mtu ambaye hajawahi kugusa vumbi, ningesema sarkoidosisi, ugonjwa wa vinundu usiotokana na vumbi wala TB, na ujue picha hiyo na ya silikosisi zinafanana kiasi cha kumpoteza mtu asiyejua mgonjwa alifanya kazi gani.

Au tunaweza kukuta kitu tofauti kabisa. Kama ugonjwa uko chini na pembeni badala ya juu, vitundu vimepangana kwa safu chini ya ngozi ya pafu, yale tunayaita masega, na njia za hewa zimevutwa zimepanuka, hiyo ni faibrosisi ya pafu, yani pafu linalogeuka kovu, na picha ikiwa wazi hivyo, historia nayo ikakubaliana, hakuna haja ya kumkata kinyama cha pafu kwa ajili ya kupima. Ukungu mwepesi uliochanganyika na maeneo meusi yaliyonasa hewa unatufanya tuulize anafuga nini nyumbani, njiwa, kuku, analala karibu na stoo ya mahindi yaliyoota kuvu? Kuta za vijumba zimevimba laini na kuna maji chini ya mapafu, basi tusihangaike na mapafu, tuangalie moyo.

Umeona ilivyo. Picha inatoa mpangilio na mahali, jina la ugonjwa linatoka kwenye picha pamoja na maisha ya mtu. Ndo maana fomu ya kuombea kipimo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Fomu ikiandikwa "kikohozi sugu, TB ya zamani" msomaji atakaa chini, ataona makovu juu, ataandika makovu ya TB, na hajadanganya. Fomu ikiandikwa "amechimba Mererani miaka mingi, alichoronga kavu bila maji, TB mara mbili ya pili bila ushahidi wa makohozi, haongezeki uzito, hana homa" anasoma picha ileile kwa macho mengine. Mwombe daktari aandike hayo, na kama fomu ni ndogo andika wewe mwenyewe karatasi ya pembeni uipeleke: miaka ya mgodini, alikuwa anashika drili au anabeba, anavuta sigara au alivuta, anafuga nini, dawa zote anazotumia, kipimo cha VVU kinasomaje. Taja kuchoronga kavu hasa, maana anayeshika drili bila maji anavuta vumbi jingi kuliko aliyekuwa juu anachekecha.

Siku ya kipimo chenyewe mzee asiogope, ni dakika chache na haiumi. Ila kuna kazi yake moja, pumzi. Ataambiwa avute hewa mpaka mwisho ashikilie, sekunde kadhaa tu, na akitikisika au akikohoa katikati picha inaharibika. Afanye mazoezi nyumbani siku mbili tatu kabla, alale chali, avute, ashike, ahesabu polepole mpaka kumi. Wanaweza pia kumgeuza alale kifudifudi, watu wanashangaa hapo. Ukilala chali sehemu ya nyuma ya pafu inagandamizwa na uzito, inaonyesha ukungu wa uongo, ukigeuka kama ulikuwa wa uongo unafutika, kama ni ugonjwa unabaki. Na wanaweza kumwambia atoe hewa yote wapige tena, ili kuona sehemu zinazonasa hewa. Sio kila mgonjwa anahitaji hizo pozi zote, lakini uliza kama daktari aliziomba, maana pengine wanaruka kwa sababu ya foleni.

Ile sindano mnayoiogopea figo: HRCT haitumii sindano. Hewa na tishu ya pafu vinatofautiana vyenyewe vya kutosha, dawa ya kung'arisha mishipa haiongezi kitu hapa, wakati mwingine inachafua kabisa. Kwa hiyo figo hazihusiki, na metformini aendelee nayo kama kawaida. Ukifika ukaona wanamtafuta mshipa, simama uulize kwa upole. Kuna sababu halali, mfano daktari anahisi donge la damu kwenye mishipa ya mapafu, hicho ni kipimo kingine na hapo ni lazima wapime kwanza kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo. Lakini isiwe tu kwa mazoea.

Mionzi siwezi kukuambia haipo. Eksirei moja ya kifua ni karibu milisivati (kipimo cha mionzi) 0.1 au chini ya hapo, CT ya kifua ni kama 5 hadi 7, yani eksirei hamsini na zaidi. Kwa upande mwingine, binadamu yeyote anapokea wastani wa milisivati 2.4 hivi kwa mwaka kutoka ardhini na angani bila kupimwa popote, kwa hiyo skani moja ni kama miaka miwili mitatu ya kuishi tu. Hatari ya kansa ipo lakini ni ndogo, na kwa mtu wa miaka 54 anayeshindwa kupanda kilima, hatari ya kutojua anaumwa nini ni kubwa zaidi. Tena vumbi la silika lenyewe liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye orodha ya visababishi vya uhakika vya kansa tangu 1997. Nisichokubaliana nacho ni kurudia skani kila miezi mitatu bila swali jipya.

Predinisoloni sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, samahani. Sijui jirani alikuwa na nini, pengine pumu, pengine sarkoidosisi, hizo dawa hiyo inazisaidia kweli. Kwenye makovu ya vumbi haiyeyushi kovu. Inashusha kinga kwa mtu aliyeugua TB na ambaye hatujathibitisha kuwa kapona, na inapandisha sukari kwa mtu mwenye sukari tayari. Na kama ni faibrosisi ile ya masega ni mbaya zaidi, matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyochapishwa 2012 yalionyesha wagonjwa waliopewa predinisoni, ndugu wa predinisoloni, pamoja na azathioprini na dawa ya tatu walikufa na kulazwa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kabla ya hapo tiba hiyo ilitumika sana. Msimpe kwa kubahatisha.

Basi tuuze ng'ombe? Ngoja nikuambie ukweli wote. Silikosisi haina dawa ya kuiondoa, picha nzuri haitabadili hilo. Na sio kila mchimbaji anahitaji HRCT, kama historia ya vumbi iko wazi na eksirei ni ya kawaida ya silikosisi, daktari anaweza kuthibitisha bila CT yoyote. Kwa baba yako naona inastahili, kwa sababu historia imechanganyika: TB moja ya kweli, moja ya kukisia, na hakuna anayejua kipi kinamla sasa. Jibu litaamua asipewe dawa za TB mara ya tatu bure, au apewe haraka na kwa ushahidi. Litaamua kama kuna faibrosisi inayoendelea, ambayo ina dawa za kupunguza kasi, nintedanibi na pirfenidoni, ghali mno na ngumu kupatikana, sitakudanganya. Na kama aliwahi kuajiriwa kwa mkataba, ripoti inayotaja ugonjwa wa kazini ni karatasi ya kupeleka kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ingawa najua wengi pale walichimba kwa makubaliano ya mdomo.

Ila utaratibu uwe hivi, rahisi kwanza. Makohozi yaoteshwe, sio GeneXpert peke yake, tena mtu aliyeshatibiwa TB mashine ile inaweza kuokota mabaki ya wadudu waliokufa au kukosa waliopo wachache. Apulize spirometri, kipimo cha uwezo wa pumzi, maana picha inaonyesha pafu linavyofanana lakini haisemi linafanyaje kazi, nimeona watu wenye picha ya kutisha wanalima, na wenye mabadiliko madogo wanashindwa kuvaa shati. Apimwe oksijeni kidoleni akiwa amekaa alafu baada ya kutembea dakika sita. Kisha mfuate zile picha za mwaka jana. Hapo ndo mlipie HRCT, na kama ana bima ulizeni kwanza inabeba kiasi gani. Mkiwa upande wa Kilimanjaro, Kibong'oto pale Siha wamezoea sana wagonjwa wa TB na wachimbaji wa Mererani, na KCMC Moshi wana madaktari wa kifua na wa radiolojia wanaoweza kukaa pamoja kwenye picha moja, kitu ambacho kwa magonjwa haya kina thamani kuliko ripoti ya mtu mmoja, hata mimi.

Majibu yakija msiyatafsiri kwa simu na ndugu. Nendeni nayo kwa daktari aliyeomba, CD mkononi, mumuulize moja kwa moja: mpangilio huu ni upi, nini kingine kinaweza kufanana nao, na ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo. Daktari mzuri hachukii hayo maswali.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri skani wala soko la ng'ombe. Akitema damu, akipata homa na jasho la usiku huku anakonda, miguu ikivimba, au kipimo cha kidoleni kikasoma chini ya 90 akiwa amekaa tu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na akibanwa ghafla na maumivu upande mmoja wa kifua na pumzi ikakata, pafu la mchimbaji linaweza kutoboka likasinyaa, hapo mchukue gari lolote lililo karibu, na eksirei ya kawaida ya dakika mbili itatosha kabisa kuwaonyesha.